Gololi yetu haina jini: majibu kwa wanaodai meza zetu za pinboli zinawaibia

Juzi usiku, huku Chicago tukiwa tunajiandaa kulala, uliingia ujumbe wa sauti kutoka Tanga. Ni mteja aliyenunua meza yetu moja ya pinboli kwa ajili ya simu yake, ule mchezo wa kuizuia gololi isizame chini ya ubao kwa kuipiga na flipa, vile vikono viwili vya chini unavyoviinua kwa vitufe, na alikuwa amechemka kwelikweli. "Kaka, huu mchezo wenu una jini. Gololi inashuka, inanitazama, halafu inapita katikati ya flipa kama imetumwa. Nirudishieni hela yangu." Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, maana ujumbe wa namna hiyo tunaupata karibu kila wiki na umeshanichosha: mchezo unadanganya, mmeupanga tushindwe, na juu ya hayo bei yenu si ya kawaida wakati pinboli za bure zimejaa tele.

Nimeona nijibu mara moja kwa wote.

Tuko watu watatu, na karakana yetu ipo chini ya nyumba, pale ambapo wenzetu huweka mashine ya kufulia. Tunachukua mashine halisi ya pinboli, tunaivua mpaka kwenye ubao, tunaipima, kisha tunaijenga upya ndani ya kompyuta. Nyingine tunaziuza wenyewe kwa ruhusa ya wenye haki nazo. Nyingine ni za kuagizwa, hasa na watu waliobuni mashine zao wenyewe gereji na wanataka watu waijaribu meza kabla ya kutengeneza ya pili. Chicago hii ndiko zilikozaliwa Gottlieb, Bally na Williams, makampuni makubwa ya kutengeneza pinboli, kwa hiyo mashine za kujifunzia, na mafundi wazee wa kuwauliza, hatukosi.

Sasa hilo jini. Kila mchezo unaochezwa kwenye programu yetu huhifadhi rekodi ya vidole vyako: ulibonyeza upande gani, lini, kwa muda gani. Nikamwomba ndugu yetu wa Tanga ruhusa ya kuiangalia yake. Zaidi ya nusu ya gololi alizopoteza zilizama wakati ameinua flipa zote mbili kwa pamoja. Flipa zote mbili zikiwa juu, hakuna iliyobaki chini ya kuipiga gololi inayoshuka katikati. Hapo gololi haihitaji jini, mlango umeufungua mwenyewe. Kwenye mashine halisi ni hivyohivyo. Wazoefu huinua moja, huiacha gololi itulie kwenye mkunjo wa flipa, wanavuta pumzi, ndipo wanapiga.

Tena hii hoja ya kwamba ni bahati nasibu tu ilishafikishwa mbele ya wakubwa. New York walikuwa wameipiga pinboli marufuku tangu miaka ya 1940 wakiita kamari. Mwaka 1976 mwandishi mmoja, Roger Sharpe, akasimama mbele ya madiwani, akavuta springi ya kurushia huku akitaja mapema gololi itapita njia ipi, na ikapita hiyohiyo. Marufuku ikaondolewa. Sisi tukiweka jini ndani tutakuwa tumemwaibisha mzee wa watu.

Kinachotugharimu ni kuifanya gololi iwe gololi. Ya chuma ina kipenyo cha milimita 27 hivi na uzito wa gramu 80, inashuka kwenye ubao ulioinamishwa kama nyuzi 6.5. Ikipigwa vizuri inakwenda mita tatu kwa sekunde bila shida. Tuseme simu yako inachora picha 60 kwa sekunde. Ukipiga hesabu utaona kati ya picha moja na nyingine gololi imesogea sentimita 5, karibu mara mbili ya upana wake. Programu ya ovyo itaiona juu ya flipa, kisha chini ya flipa, wala haitajua kwamba kulikuwa na flipa hapo. Hapo kweli una haki ya kusema umeibiwa! Sisi tunapiga hesabu ya mwendo mara 1,000 kwa sekunde, gololi isogee milimita 3 tu kila hatua. Ndiyo maana simu inapata joto. Mnaotuandikia kulalamika kuhusu betri, jibu lenu ni hilo, na hatutapunguza.

Na gololi zenyewe si moja. Twilight Zone ya mwaka 1993, kazi ya Pat Lawlor, ina gololi nyeupe ya kauri iliyochanganywa na zile za chuma. Ni nyepesi, ina kasi, na sumaku za mezani haziishiki. Atakayeitengeneza meza hiyo kwa gololi za aina moja ameuza picha ya meza.

Nije kwenye njia ya mkato, maana hii ndiyo iliyonifanya nifungue kompyuta saa sita usiku.

Kuna mteja wa jimbo jirani, mzee mstaarabu, aliyetumia miaka minne kuunda mashine yake gereji. Alitaka meza ya kidijitali aipeleke kwenye maonyesho. Alipoona bei yetu akasema, "Kijana wangu, kwa nini niwaletee mashine? Nitapiga picha kwa simu, nyie mtachora." Nikakubali. Kosa la kwanza lilikuwa langu, naliandika hapa ili nisilirudie.

Picha zikaja zaidi ya mia, zote kupitia kioo. Lenzi ya simu inakunja mistari pembeni, na kitu kilichosimama juu ya ubao kinaonekana kimelala upande. Tukachora, tukajenga, tukamtumia. Akajibu siku ya pili: rampu ya kushoto, yaani njia ya kupandia gololi, haipandiki hata kidogo, na mfereji wa pembeni haumezi gololi kama wa kwake. Tukahangaika wiki tatu tukigusa nguvu ya koili (sumaku ya umeme inayosukuma flipa), mteremko, ulaini wa raba. Kila tulichorekebisha kiliharibu kingine. Mwishowe nikamwambia mzee, lete mashine.

Ilipofika, kalipa, kile kipimo cha milimita, ilimaliza ubishi kwa dakika kumi. Mlango wa rampu ulikuwa milimita 4 kulia kwa pale tulipouchora. Na ile nguzo ndogo ya mfereji wa pembeni, ambayo ina matundu matatu ya kuisogeza ili mchezo uwe mgumu au mwepesi, siku ya picha ilikuwa kwenye tundu la wepesi kwa sababu wajukuu walikuwa wamekuja kucheza. Halafu raba moja nyuma ya bampa, kile kigingi kinachoirusha gololi, haikuwepo kabisa! Ilikuwa imekatika, na yeye alishaizoea hivyo. Tukaanza upya. Mzee akalipa bei ya picha, kisha akalipa bei kamili, na mpaka leo akikutana na watu anasema tulimtoza mara mbili. Ni kweli tulimtoza mara mbili, kwa sababu kazi tuliifanya mara mbili.

Bei kamili inanunua nini? Siku ya kwanza hatuwashi hata kompyuta. Tunafungua mlango wa sarafu, tunavuta mkono wa chuma ulio ndani, upau wa mbele unaachia, kioo kinateleza nje na kulazwa kwenye blanketi. Gololi zinatoka kwanza kabla ubao haujainuliwa. Tunaweka pima maji, tunaandika mteremko. Tunacheza siku nzima kama ilivyo, tukirekodi video ya mwendo wa polepole, kwa maana koili ya flipa ikichezwa saa moja inapata moto na nguvu inashuka. Rampu uliyoipanda asubuhi kwa urahisi, jioni inakurudishia gololi mlangoni. Wateja wanaoijua mashine yao wanatuuliza kama tumeiweka hiyo. Tumeiweka, ila unaweza kuizima.

Baada ya hapo ndipo tunavua. Kila skrubu ina mfuko wake wenye jina, na kila hatua ina picha. Kabla ya kugusa flipa natafuta vitundu viwili vidogo kwenye ubao, karibu na ncha zake. Mashine nyingi za Williams na Bally zinavyo, na ukivipitishia macho haraka utadhani ni kazi ya mchwa. Unachomeka kijiti cha kuchokolea meno, flipa ikiegemea kijiti iko sawa na kiwandani. Mara ngapi nimekuta flipa imekaa chini ya kijiti, na mwenye mashine miaka yote analalamika kwamba shabaha ya kulia haigongeki!

Ubao ukishabaki mtupu, tunalaza juu yake skana ya mezani iliyong'olewa mfuniko, uso chini, na kuusoma kipande kwa kipande, kisha tunaunganisha vipande. Picha ya kamera haifai hapa hata iwe nzuri namna gani. Kila kioo cha taa kilichozama au kilichoinuka tunakipima, kwa sababu gololi ikipita juu yake inayumba kidogo, na mchezaji wa muda mrefu anauona huo myumbo hata kama hawezi kukuambia ameona nini. Sauti tunarekodi kwa maikrofoni mbili ndani ya sanduku, pamoja na ule mshindo wa koili inayogonga mbao unaposhinda mchezo wa bure. Nimeshasikia meza za kidijitali ambazo mshindo huo unalia kama mlango wa friji.

Tilti, yaani adhabu ya kutikisa mashine, nayo inaleta kesi. Ndani ya mashine kuna timazi, kama ya fundi mwashi ila fupi, inaning'inia katikati ya pete ya chuma. Ukitikisa mashine kupita kiasi inagusa pete, flipa zinakufa, gololi inazama nawe ukitazama. Yetu inabembea vilevile, na haitulii papo hapo. Ukitikisa mara moja, subiri. Ukitikisa tena wakati bado inabembea, usituandikie kwamba tumekuzimia flipa.

Kuna lawama moja ambayo siwezi kuikwepa kwa rula wala kalipa: leseni. Mnauliza mbona hatuna The Addams Family, iliyouzwa zaidi ya mashine 20,000 tangu mwaka 1992. Ile ina wenye meza, wenye filamu, na sura na sauti za waigizaji. FarSight, kampuni ya pinboli za kidijitali iliyokuwa kubwa kwetu mbali sana, mwaka 2012 walifika hatua ya kuwaomba mashabiki dola 55,000 kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, ili walipie leseni ya Twilight Zone peke yake. Tarehe 30 Juni 2018 leseni yao ya meza za Williams na Bally ikaisha, meza zaidi ya sitini zikatoka dukani kwa mkupuo, na mwaka huohuo Zen Studios, kampuni nyingine ya kazi hiyohiyo, wakatangaza kwamba wao ndio wanaozichukua. Waliokwisha kununua walibaki na zao. Kwetu pia ni hivyo: meza ikitoka dukani, uliyonunua ni yako, ila mpya hatutaweza kumuuzia jirani yako.

Ndugu wa Tanga nilimrudishia hela yake, kwa kuwa aliomba ndani ya siku saba na hiyo ndiyo ahadi yetu. Nikamtumia na rekodi yake, nimeweka alama nyekundu kila alipoinua zote mbili. Jana ameinunua tena. Hakuandika kitu.

Wanaotaka kutuagiza meza: picha za simu hatupokei tena, hata kwa nusu bei, hata kwa undugu. Lete mashine, au tulipie nauli tuje nayo skana. Niambie mapema kama kuna raba iliyokatika au nguzo uliyoisogeza, sitakusema. Na kama unaisafirisha kwa gari, toa gololi zote ndani, uzifunge kwenye soksi. Mwezi uliopita tulipokea mashine iliyosafiri saa sita na gololi sita ndani. Nilipofungua kioo, vipande vya plastiki vilimwagika miguuni kwangu, na kazi ya kuvibandika kwa gundi ili nijue vilikuwa vimekaaje imeongeza siku nne kwenye ankara yake.