Kikao cha Jumamosi: sauti inavyofika kwenye ubongo

Assalamu alaikum ndugu wanakikundi,

Jumamosi baada ya sala ya alasiri tutakutana tena barazani hapa Wete, na inshallah tutalijibu swali la kikao kilichopita, kwamba je, kipandikizi cha koklea (kifaa cha kusikia kinachopandikizwa ndani ya sikio) humrejeshea kiziwi sikio lake?

Hakirejeshi sikio, bali hulipita. Ndani ya sikio mna koklea, yaani mrija uliojizungusha mfano wa gamba la konokono, wenye seli za vinyweleo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za neva. Zilizo mlangoni hupokea sauti nyembamba kama ya zumari, na za ndani kabisa hupokea sauti nzito kama ya msondo. Seli hizo zikifa, kwa binadamu hazioti tena. Hivyo daktari hupenyeza mrijani uzi wenye elektrodi (vidoti vya kupitishia umeme), kwa kawaida baina ya 12 na 22, zinazosisimua neva moja kwa moja, kazi ambayo kwa sikio zima hufanywa na seli za vinyweleo za safu ya ndani zipatazo 3,500. Ndiyo maana mazungumzo hufahamika, ilhali taarabu (pole zao wapenzi wake) mara nyingi husikika imepoteza utamu.

Daktari Graeme Clark wa Australia alipandikiza kifaa chake cha elektrodi nyingi huko Melbourne mwaka 1978. Ubongo nao lazima ujifunze ishara hizo, kwa hivyo mtoto aliyezaliwa kiziwi hufaidika zaidi akiwahiwa.

Nitakuja na gamba la konokono lililokatwa kati, mulione. Kahawa na kashata ni juu yangu.