Kabla hujatoka eda

Shoga yangu mpenzi,

Salamu, na pole tena. Najua pole umezipokea mpaka zimekuchosha, lakini sina neno jingine. Ningekuacha umalize eda yako kwa utulivu, ila juzi uliponieleza kwenye simu maneno ya shemeji zako, kwamba mumeo, mwenye pasipoti ya Marekani, keshakwenda na Marekani ya watoto imekwenda naye, usiku huo sikulala. Wamekudanganya, sijui kwa kutojua au kwa makusudi.

Tuanze na kitinda mimba. Huyo usimwombee viza wala usimjazie fomu ya kuhamia. Alizaliwa baba yake keshakula kiapo cha uraia, nanyi mko ndani ya ndoa. Kwa sheria yao, kama baba aliishi Marekani jumla ya miaka 5 kabla mtoto hajazaliwa, miwili kati yake akiwa keshatimiza miaka 14, basi mtoto ni raia tangu alipozaliwa. Hata miaka aliyokaa kule kabla ya kiapo inahesabiwa. Kifo hakifuti hilo. Ubalozi wao unatoa cheti cha mtoto wa raia aliyezaliwa nje, mradi aombewe kabla hajafikisha 18.

Mtihani uko kwenye ushahidi, maana wa kujibu maswali kalala. Ukiwaambia "aliishi kule miaka mingi" hawakusikii. Wanataka karatasi za shule, za kodi, za mishahara, za hospitali, za pango, mwaka baada ya mwaka. Kwa mtoto wa marehemu kaka yangu tulikiona cha moto. Siku ya arobaini watu walisafisha chumba wakachoma "makaratasi ya zamani", kumbe mlikuwamo nusu ya maisha yake. Tuliandikia shule moja baada ya nyingine, na pengo la mwaka mmoja likaja kuzibwa na kadi ya chanjo yenye kutu ya pini, iliyoangukia nyuma ya kabati. Kwa hiyo lile begi la kahawia alilokuja nalo mara ya mwisho livute chini ya kitanda chako leo hii. Kazi hiyo haikutoi nje ya nyumba.

Mwenye mbio ni mkubwa. Yeye alizaliwa kabla ya kiapo, kwa hiyo uraia wa kuzaliwa hana. Lakini mavyaa wako ni raia, na sheria inampa bibi nafasi ya kumwombea mjukuu uraia ndani ya miaka 5 tangu mwanawe afariki. Fomu yake ni N-600K. Wewe unayeishi naye unatakiwa tu usipinge. Mtoto lazima aende kule kihalali kwa usaili, na kiapo kiishe kabla hajatimiza 18. Kupeleka fomu mapema halafu siku ikampita, hakumsaidii. Ana 16 na miezi, piga hesabu mwenyewe.

Njia ya pili ni yako wewe mjane. Ndani ya miaka 2 tangu kifo unaweza kujiombea kwa fomu I-360, na watoto walio chini ya miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa wanaingia kwenye ombi lako, bila mdhamini wa kipato. Sharti uwe hujaolewa tena (samahani kulitaja hili sasa). Na kama marehemu alikuwa keshakuombea mwenyewe, ombi lile linageuka lenyewe kuwa la mjane. Ila mkubwa akiingia kwa mlango huu atapata makazi ya kudumu tu, uraia ataufuata baadaye kwa miguu yake. Ndiyo maana mimi ningeanza na bibi.

Shemeji yako mdogo akikuletea "mtu anayejua njia", mwambie uko eda. Kishoka mmoja alikula pesa zetu, akatujazia fomu ya kumhamisha mtoto ambaye tayari alikuwa raia.

Nipigie picha cheti cha uraia cha marehemu, pande zote mbili, nataka kuiona tarehe ya kiapo kwa macho yangu. Na mpigie mavyaa kabla shemeji zako hawajampigia.

Wako,
Shoga yako