Barua ya wazi: Mheshimiwa, nipe siku moja ya maji

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Newala. Naomba radhi kukuandikia hadharani. Barua mbili za kwanza nilizileta kwa mkono, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, na kwa hilo nashukuru, wino haukuwa haba. Hii ya tatu naiweka mahali ambapo hata jirani yako ataisoma. Jina lako na ofisi yako sivitaji. Ikikufikia utajua ni yako.

Jumatano iliyopita, saa nne asubuhi, nikiwa nageuza vitumbua vya mwisho, walikuja vijana wako wawili wa afya. Adabu wanayo, walipiga hodi. Wakaomba kuona ninapoweka maji, nami nikawapeleka nyuma ya jiko lilipo pipa langu la lita 200. Mmoja akawasha tochi ya simu, akainama. "Mama, una viluwiluwi humu." Nikachungulia. Kweli vilikuwemo, vyembamba kama nyuzi, vinajipindapinda kukimbilia chini mwanga ulipovigusa. Kabla sijasema neno pipa limelala ubavu, maji yanaelekea kwenye migomba, kuku wanashangilia. Nikaandikiwa faini ya shilingi 50,000 kwa kosa la kufuga mbu. Halafu yule mwenye tochi, mikono imejaa matope, akaniomba maji kidogo anawe.

Nilimwonyesha chini.

Pipa lile ni madumu kumi, Mheshimiwa. Dumu moja likiletwa na bodaboda mpaka mlangoni ni shilingi 500 wakati wa masika. Kiangazi linafika 1,000, na wiki ile lilikuwa 1,000. Bomba lililo uani kwangu lilitoa maji mara ya mwisho miezi mitatu iliyopita, usiku wa manane, kwa dakika kama ishirini, likakohoa na kunyamaza. Sasa hivi naanikia vitambaa vya jikoni.

Nisingelalamika sana kama vijana wale wangekuwa wamedanganya. Kinachoniuma ni kwamba kuhusu mbu wanasema kweli, na mimi nakijua kile walichokiogopa, maana kilishalala nyumbani kwangu.

Mwezi wa tisa mwaka jana mama yangu mzazi aliamka na homa kali. Kufika jioni vifundo vya miguu na mikono vimevimba, kikombe cha chai hawezi kukishika, kanga anafungiwa na mjukuu. Tulikompeleka akapimwa malaria, haikuonekana, akapewa dawa ya malaria hivyo hivyo. Siku ya nne tukarudi, tukaambiwa ni UTI. (Siku hizi homa yoyote isiyokuwa malaria ni UTI, nadhani hata gari likichemsha wataliambia lina UTI.) Homa yenyewe ilikwisha ndani ya wiki moja. Maumivu ya viungo yalikaa mpaka mwezi wa kwanza. Na korosho, kama unavyojua, haziokotwi kwa kusimama. Mama alikaa mkekani barazani akizitazama zikidondoka, mimi niko sokoni natafuta hela ya dawa, mvua ikazikuta chini. Zile zilizobaki zikaenda ghalani daraja la pili.

Nani alimpima akasema ni nini? Hakuna. Nasema mwenyewe. Kijana wangu anasoma afya ya jamii Dar es Salaam, nilipomweleza dalili akauliza, "Bibi alikunjika?" Nikadhani ananitania. Akanitumia kwenye WhatsApp maandishi ya zamani na mapya, tukawa tunasoma naye usiku kwa simu, yeye akifasiri.

Kumbe ilikuwa inafanana na chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, na kumbe ni yetu. Ilizuka mwaka 1952 huku huku, uwanda wa juu wa Wamakonde, enzi za Tanganyika na Jimbo lake la Kusini. Daktari Marion Robinson aliandika dalili zake, mwenzake W. H. R. Lumsden akaandika ilivyosambaa, na kazi zao zikachapishwa mwaka 1955. Jina walilichukua kwa wagonjwa wenyewe, kwa Kimakonde, kungunyala, yaani kukunjamana, kupindika. Leo dunia nzima inatamka Kimakonde bila kujua. Kisiwa cha Réunion kiliugua mwaka 2005 na 2006, karibu mtu mmoja kwa kila watatu. Mwaka 2025 ugonjwa ukaingia mji wa Foshan kule China, na Shirika la Afya Duniani likasema virusi hivyo vimeshaonekana katika nchi 119. Wamarekani waliidhinisha chanjo ya kwanza Novemba 2023, kisha Agosti 2025 wakaisimamisha kwa sababu ya madhara. Huko ni kwao. Mimi chanjo sijaja kuomba.

Nataka uone alichokiona Lumsden. Hakuishia kuhesabu wagonjwa, alitazama na maji yetu. Huku juu hatuna mto. Mchanga unakunywa mvua yote, chemchemi ziko bondeni, na bibi zetu waliteremka na kupanda ule mteremko wakiwa na mitungi kichwani. Nenda Shimo la Mungu, ukingo wa bonde hapa Newala, utazame chini uone walikuwa wanatoka wapi. Maji yaliyopatikana kwa shida ile huyamwagi, unayaweka ndani. Na humo ndani ndimo alimokuwa akizaliana mbu aitwaye Aedes aegypti, mwenye mabaka meupe miguuni, anayependa maji safi yaliyotulia na kuuma mchana kweupe. Chandarua nilichopewa kliniki nakithamini, lakini saa nne asubuhi sikai ndani ya chandarua, nipo jikoni.

Zaidi ya miaka 70, Mheshimiwa. Mzungu yule hakuwa hata na tochi ya simu akaona shida ni maji. Vijana wako wamekuja na tochi wakaona shida ni mimi.

Na hata kumwaga kwenyewe hawakumaliza kazi. Mbu huyu anabandika mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai yale yanaweza kukaa makavu miezi mingi yakisubiri. Ukimwaga ukajaza tena, umeyanywesha. Dawa ni kusugua pipa kwa brashi, ndani pande zote, kila wiki, maana kutoka yai mpaka mbu arukaye ni kama siku 7 mpaka 10. Nimesugua. Lakini kusugua kunataka maji, na kabla ya kusugua inabidi umwage yaliyopo, na yaliyopo nimeyanunua. Nani atamwaga shilingi 10,000 kila wiki? Wewe ungemwaga?

Nilikuwa nimepanga nikuombe na kipimo. Kijana alinisomea utafiti wa Moshi wa mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa: waganga waliwaandikia 528 malaria, na vipimo vilipofanyika vizuri wenye malaria walikuwa 14. Katika 700 waliochunguzwa chikungunya, 55 walikuwa nayo. Najua Moshi si Newala. Kwetu malaria ni ya kweli, imetuzikia watoto. Ila homa isiyo malaria nayo ina jina, na ingekuwa heshima kuambiwa jina hilo, hasa likiwa la lugha yako mwenyewe. Basi, nimeacha. Kipimo nimekiondoa kwenye maombi.

Ulipokuja kuzindua tenki mwaka juzi, nilikupikia mimi. Wali, kisamvu cha nazi na kuku wa kienyeji, ukasifia kisamvu. Ukasimama ukasema mama ametuliwa ndoo kichwani, na kwamba maji yatafika mitaani kabla korosho hazijaanza kuanguka. Korosho zimeanguka mara mbili. Ndoo kweli nimetuliwa, imehamia kwenye bodaboda, na nauli yake nalipa mimi. Tenki lipo, limepakwa rangi ya bluu, nzuri. Wengine wanasema pampu ya bondeni imeungua, wengine wanasema umeme haulipwi, yupo anayeapa kwamba bomba linakatwa kwa makusudi ili wenye malori ya maji wauze. Sijui nimwamini nani. Wewe unajua, ila hujatuambia.

Sikuombi maji ya kila siku, sina tamaa hiyo. Nakuomba siku moja kwa wiki. Ijulikane tu. Useme mtaa huu ni Jumanne, ule Alhamisi, na ikifika Jumanne yatoke, hata saa mbili. Nikiijua siku, asubuhi yake namwaga pipa kwa mkono wangu mwenyewe, nasugua, nasuuza, najaza upya, na mbu wako hafiki siku ya nane. Vijana hawatakuwa na haja ya kuja na kitabu cha faini. Wakija nitawapa na maji ya kunawa.

Faini sijalipa. Risiti ya kuandikiwa ninayo, nimeibandika ukutani jikoni karibu na bei za chai. Pipa nimelijaza tena Ijumaa, madumu kumi, nimelifunika kwa kanga ya zamani na kulikaza kwa mpira wa baiskeli. Leo ni siku ya nne. Naomba siku, Mheshimiwa, yoyote uipendayo.

Wako mtiifu,
Mama lishe, Newala