Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kumbukumbu ya Afande Mchungaji

Ndugu wanachama,

Kwa kawaida taarifa hii huanza na mapato na matumizi, lakini mweka hazina wetu amekwisha kuzisoma hesabu hizo nanyi mkazipitisha bila pingamizi, kwa hiyo sitazirudia. Mwaka huu naomba ridhaa yenu niutumie muda wangu karibu wote kumzungumzia mwenzetu tuliyemzika mwezi Machi akiwa na umri wa miaka 70, mmoja wa waasisi wa chama chetu cha kutembelea wagonjwa, ambaye wengi hapa Mwanza hawakulijua jina lake la ubatizo, kwa sababu manesi, walinzi wa getini na akina mama wauza uji walimwita Afande Mchungaji.

Aliingia Jeshi la Wananchi wa Tanzania mwaka 1975, akiwa kijana wa miaka 20. Miaka mitatu baadaye, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera na kulilipua daraja la Kyaka, alikuwa miongoni mwa waliovushwa ng'ambo ya mto, na hakurudi nyumbani hadi baada ya Kampala kuanguka mwezi Aprili 1979. Habari za vita hakupenda kuzisimulia. Ukimchokoza alikujibu kwamba kazi yake kubwa ilikuwa kutembea kwa miguu, kisha akakuuliza habari za watoto wako.

Jambo ambalo alinisimulia, tena zaidi ya mara moja, ni la wakati wa amani. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipopinduka na kuzama ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakapoteza maisha, yeye alikuwa sajinitaji aliyepangiwa kusimamia utaratibu katika Uwanja wa Nyamagana, ambako miili iliyoopolewa ililazwa ili ndugu waje kuitambua. Mama mmoja aliyetoka Bukoba kwa basi alimshika mkono wa gwanda akamwambia, "Afande mwanangu, nitazamie wewe, macho yangu yamekataa," akamtajia gauni la njano lenye kola nyeupe. Alipita mstari kwa mstari akiinua shuka moja moja, akarudi kumwambia kwamba hayupo. Mama yule alikuja siku ya pili na ya tatu, kila mara akimtafuta yeye tu kati ya askari wote waliokuwapo, na kila mara Afande alipita upya kwa kuwa miili ilikuwa bado ikiletwa. Siku ya nne hakuja. Kama alimpata binti yake au alikata tamaa, Afande hakujua hadi anakufa, na aliniambia kwamba hilo ndilo lililomtoa jeshini, ingawa kwenye karatasi alistaafu kama wenzake wa rika lake.

Alisoma teolojia darasa moja na vijana wa umri wa wanawe, akabarikiwa kuwa mchungaji, kisha kwa miaka 16 akahudumu wodini. Buti aliziacha nyumbani akanunua raba, kwa sababu, alisema, kisigino cha askari kinamwamsha mgonjwa aliyehangaika usiku kucha kuutafuta usingizi. Hakuzungumza na mgonjwa akiwa amesimama. Alivuta stuli, akaketi, akasalimia "Mwangaluka" kwa lafudhi yake ya Kingoni iliyowachekesha Wasukuma, na ndipo mazungumzo yakaanza. Mgonjwa Mwislamu aliyehitaji dua aliitiwa shehe, na mara kadhaa nilimwona Afande akimsubiri shehe huyo getini kwenye mvua, akiwa ameshika mwavuli wa ziada.

Alikuwa na daftari kubwa, lile tunaloliita kaunta buku, ambalo familia yake imetukabidhi. Kila asubuhi aliliandika kama anayepokea paredi: namba ya kitanda, kisha neno la mgonjwa mwenyewe. "Kitanda 9: nauli ya kivuko cha Kamanga." "Kitanda 22: anaogopa kukatwa mguu, hajamwambia daktari." "Kitanda 4: simu imekwisha chaji, mke hajui yuko hapa." Nimelisoma lote. Maombi ya kuombewa yamo, tena mengi, ila si mengi kama ya nauli, simu na shuka, na nakiri kwamba mimi, niliyezoea kuingia wodini na Biblia pamoja na chungwa moja, nilifadhaika kidogo.

Sasa naomba niseme lisilopendeza. Afande alipopatwa na kiharusi mwishoni mwa mwaka jana alilazwa majuma matano, na katika majuma hayo chama hiki, ambacho kazi yake ni hiyo hiyo moja, kilimtembelea mara mbili. Mimi nilikwenda mara moja. Kila mmoja alidhani mwenzake amekwenda, na kwa kuwa alikuwa mtu wa watu tuliamini kitanda chake hakikosi wageni. Kumbe mke wake alikuwa akikesha peke yake, akila mikate ya kantini. Mama amekwisha kutusamehe kwa maneno mazuri kuliko tunavyostahili. Msibani tulifika wote, tena na sare.

Kwa sababu hiyo kamati imeamua kwamba kuanzia mwezi ujao hatutakwenda wodini kwa kundi la Jumapili pekee. Watakwenda wawili wawili kwa zamu, kila zamu ikiandika katika daftari lile lile, kuanzia pale mwandiko wake ulipoishia. Ukurasa huo wa mwisho una mstari mmoja tu: "Kitanda 14: mwanawe yuko Nansio, aambiwe." Nimeuliza wodini, mgonjwa huyo aliruhusiwa zamani, na hakuna anayekumbuka kama mwanawe aliambiwa.

Orodha ya zamu iko mezani kwa katibu. Siku nyingine zote zimejaa. Jumatano usiku bado haina mtu.