Mwanangu, usiuchimbue tena

Mwanangu mpenzi,

Nimeiangalia picha ya bonsai yako, huo mti unaoufuga mdogo chunguni. Mti umebaki mifupa, lakini usiung'oe. Kwangua gome la shina kidogo kwa ukucha: ukiona kijani chini yake, uko hai. Wako ni fikasi, jamii ya mtini, nao hupukutisha majani kwa jambo dogo, hata kwa kuhamishwa tu kutoka barazani kwenda sebuleni.

Wasiwasi wangu uko kwenye mizizi. Umetumia udongo mwekundu wa kilimani huko Bukavu. Kwa maharage unafaa. Kwenye chungu chenye kina cha sentimita 6 unageuka tope, maji yanachukua nafasi ya hewa, na mizizi inaoza. Majani yakanyauka, ukadhani ni kiu, ukaongeza maji. Karibu kila anayeanza hunaswa hapo, maana mti uliolowa kupita kiasi na mti wenye kiu hunyauka sawasawa.

Nakutumia kwa boti mfuko wa changarawe ya volkano, ambayo sisi Goma tunaikanyaga bure. Ichekeche, ubaki na chembe za milimita 3 hadi 6. Vumbi litupe lote, ndilo linaloziba. Ioshe mpaka maji yatoke safi, kisha vikombe 3 uvichanganye na kikombe 1 cha mboji iliyoiva.

Utoe mti chunguni mara hii moja tu, usuuze mizizi. Iliyo myeusi, laini na yenye harufu, ikate hadi ufike penye ugumu. Ile mizima usiiguse safari hii. Kupunguza theluthi ya mizizi ni kazi ya mti wenye nguvu, na wako hauna. Utomvu mweupe ufute kwa kitambaa chenye maji, na mikono isifike machoni. Halafu upande mti kwenye mchanganyiko ule, uufunge kwa waya unaopita kwenye matundu ya chini ya chungu. Wengi huiruka hatua hii, kisha wanashangaa: mti ukitikisika kwa upepo, ncha changa za mizizi zinakatika kabla hazijashika.

Uweke kivulini penye mwanga wiki 4. Mbolea usitie mpaka majani mapya yakomae. Kuhusu maji, chomeka kijiti cha mbao sentimita 3. Kikitoka na unyevu, geuka uende zako. Kikitoka kikavu, mwagilia hadi maji yatiririke chini. Mambo ya "kila asubuhi kikombe kimoja" yaache. Na usiuchimbue kuchungulia mizizi, kwani kila ukichimbua unaanza kuhesabu wiki upya.

Ule waya uliouzungushia tawi ili ulipinde umeshakula gome. Usiuzungushe kuutoa, utachuna tawi; ukate vipandevipande kwa koleo. Kovu litachukua miaka kujaa, na dawa yake ni kuliacha tawi lirefuke bila kukatwa, ili linenepe. Mti ukishapona, tumia waya wenye unene wa theluthi ya tawi, uzungushe kwa mshazari wa digrii 45, na uukague kila wiki. Vitabu vinaposema miezi kadhaa, vinazungumzia nchi zenye baridi kali. Miti yetu haina msimu wa kulala.

Mkasi niletee ukija likizo. Hadi hapo huna kazi nao.

Nisalimie mama mdogo.

Baba yako,
Goma