Amri ya kuzima kompyuta ni mstari mmoja. Kazi tunayotoza iko kwingine

Mteja mmoja ametulalamikia tena kwamba tumemtoza hela kwa kuandika mstari mmoja tu wa kuzima kompyuta yake kwa mbali. "Hiyo amri hata mimi naijua," anasema. Sawa, ndiyo hii:

shutdown /s /m \\SEBULENI /t 60

Inaiamuru kompyuta ya Windows iitwayo SEBULENI ijizime baada ya sekunde 60. Sasa jaribu ukiwa chumba kingine. Wengi wanarudishiwa "Access is denied", kosa namba 5, ingawa nenosiri ni sahihi. Tangu Windows Vista, akaunti ya msimamizi iliyoundwa kwenye kompyuta yenyewe hupokonywa mamlaka ikiingia kupitia mtandao. Isiyo na nenosiri kabisa haipokelewi. Ukiona kosa namba 53, acha kuhangaika na nenosiri: kompyuta yenyewe haijaonekana, kwa hiyo kagua jina lake na faiawoli, yaani ukuta unaozuia miunganisho ya mtandao isiyoruhusiwa.

Hapo ndipo watu hukata kona. Wanazima faiawoli yote, wanaweka LocalAccountTokenFilterPolicy kuwa 1 kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) ili kurudisha yale mamlaka yaliyopokonywa, bila kuangalia ni akaunti ngapi za msimamizi zimelala humo, kisha wanafungua mlango 445, ambao Windows hutumia kushirikisha mafaili, kwenye ruta ili wazime kompyuta ya nyumbani wakiwa kazini. WannaCry ya Mei 2017, programu iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, ilisambaa kwa mlango huohuo wa 445, na kiraka cha Microsoft kilikuwa kimetoka tangu Machi. Kuna mteja aliyefanya yote matatu ili asitulipe. Alipotupigia simu, hakuwa na haja tena ya kuzima chochote. Mafaili yake yalikuwa yamefungwa na programu ya kudai fidia. Bili ya kusafisha na kusakinisha upya ilizidi kwa mbali ile aliyoikwepa, na picha za familia hazikupatikana.

Sisi tunaweka OpenSSH, programu ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali kwa usalama, ambayo Windows 10 inayo kama nyongeza tangu toleo la 1809. Kuingia ni kwa ufunguo (faili la siri) badala ya nenosiri, na faiawoli inabaki imewashwa, ikiruhusu mlango 22, ambao OpenSSH hutumia, kwa mtandao wa ndani peke yake. Aliye nje anapitia VPN, njia ya siri inayomwingiza kwenye mtandao wa ndani. Kwenye Linux tunatengeneza akaunti ambayo sudo, programu inayogawa ruhusa za msimamizi, inairuhusu amri ya kuzima na si zaidi. Baada ya hapo tunaiambia ruta isiibadilishie kompyuta anwani, maana hilo likisahauliwa amri inaweza isiifikie tena, na mteja atapiga simu wiki ijayo akisema tumemharibia.

Halafu kuna hiyo /t 60. Muda wowote uliozidi sifuri unabeba /f ndani yake: programu zinafungwa kwa nguvu, hakuna kuulizwa kama umehifadhi. Mzee mmoja alimzimia binti yake akidhani anacheza gemu, kumbe anamalizia ripoti. Binti angeandika shutdown /a kabla ya sekunde kuisha, ingesitishwa, ila hakuna aliyemwambia. Siku hizi tunamwonyesha kila anayeitumia kompyuta hiyo, hata kama aliyelipa ni mwingine.

Kuiwasha tena kwa mbali hakumo kwenye bei hii. Hiyo ni Wake-on-LAN, ina mipangilio yake ndani ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) na kadi ya mtandao, na mara nyingi inataka kebo badala ya Wi-Fi. Ukiihitaji, tuambie kabla hatujaandika ankara.