Uchachu ni mwingine, uchungu ni mwingine: tulichojifunza kwenye kidumu kilichorudi

Jumatatu iliyopita mteja wetu wa siku nyingi alirudisha kidumu cha lita tatu. "Jamani, mtindi wenu leo mchungu kama shubiri," akasema, akakiweka juu ya meza. Tukamwomba radhi, tukaonja. Kweli. Haukuwa uchachu, ule ukali wa mtindi uliokaa ambao wengine mnaufuata hasa. Ulikuwa uchungu unaong'ang'ania nyuma ya ulimi, hata sukari haiuondoi. Tulimrudishia hela yake. Aliuliza sababu, na kwa kuwa si yeye peke yake, jibu tunaliweka hapa.

Protini kuu ya maziwa ni kaseini. Ichukulie kama mkufu wa shanga: aina yake mojawapo ina shanga 209, kila shanga ni asidi amino. Bakteria wa mtindi wanazihitaji ili wakue, lakini mkufu mzima hawaumezi, wanaukatakata. Vipande hivyo ndivyo peptidi, na baadhi yake ni vichungu. Mbegu yetu ya mtindi hukata kwa kiasi. Kosa lilikuwa la friji, yaani letu: maziwa kutoka Muheza yalilala humo mabichi tangu Ijumaa. Wapo bakteria wanaostawi kwenye baridi. Ukichemsha wanakufa, ila vimeng'enya vyao vya kukatia protini vinaweza kubaki vizima na kuendelea na kazi ndani ya kidumu. Siku hizi maziwa yakishuka kwenye pikipiki yanapanda jikoni siku hiyohiyo.

Hapo ndipo linapoingia swali la kila wiki: mtindi unasaidia tumbo kweli?

Peptidi za shanga mbili au tatu hupenya ukuta wa utumbo mwembamba kama zilivyo. Ndefu huendelea kukatwa, na sehemu ndogo hufika utumbo mpana, wanakoishi bakteria wengi kuliko popote mwilini. Watakachofanya nazo kinategemea umekula nini kingine. Ukiwa umekula dona, maharage, mchicha, wanapata nyuzinyuzi za kuwapa nguvu. Peptidi wanazitumia kujijenga, na nyuzinyuzi wanazigeuza asidi, mojawapo butirati, ambayo ndiyo chakula cha seli za ukuta wa utumbo huohuo. Nyuzinyuzi zikikosekana, mathalani wiki nzima ni nyama choma na mtindi wa kushushia, wanageukia protini ili wapate nguvu, na kinachobaki ni amonia na ile gesi inayonuka mayai viza. Anayelala chumba kimoja na mlaji wa namna hiyo hahitaji maelezo zaidi.

Kuhusu dai kwamba mtindi hushusha presha tuwe wakweli, hata kama tunauza. Wajapani walichunguza maziwa ya kugandisha yenye peptidi mbili za shanga tatutatu, zinazozuia kimeng'enya kinachobana mishipa ya damu. Majaribio mengine yalionyesha presha kushuka kidogo, mengine hayakuonyesha kitu, na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipopitia ushahidi haikuridhika. Kwa hiyo dawa za daktari endelea nazo, mtindi uwe chakula. Na mtoto mwenye mzio wa protini ya maziwa usimpe kwa kudhani kugandisha kumeiondoa. Imekatwa kidogo tu, nyingi ipo. Anayesumbuliwa na sukari ya maziwa, tumbo kujaa na kuunguruma, huyo mara nyingi huuvumilia mtindi kuliko maziwa freshi, maana bakteria wameshaila sehemu ya sukari hiyo.

Tarehe ya kugandisha tunaiandika kwa kalamu kwenye kifuniko. Ukionja ukakuta uchungu, siyo uchachu, usimwage. Urudishe na kifuniko chake, tuangalie maziwa yalikuwa ya siku gani, nawe tukupimie mwingine.